Bibi anauliza malkia wa Once Upon a Time atasamehewa au la, tuendelee na sizoni ya pili?

Mjukuu_Makorora

Wadau habari za saa hizi, wakubwa shikamooni.

Naombeni msaada kwenye jambo ambalo hapa nyumbani limekuwa kubwa kwelikweli. Mie niko Makorora hapa Tanga, nakaa na bibi yangu mzaa mama. Binamu yangu alikuja na flashi ina sizoni ya kwanza yote ya Once Upon a Time, episodi 22, akaniachia. Nikaanza kuangalia peke yangu chumbani usiku, bibi akawa anasikia mara nashtuka mara naguna, akaja mlangoni akaniuliza unaangalia nini mwanangu, nikamwambia hadithi bibi, akasema hadithi haisikilizwi na mtu mmoja, itoe nje. Basi toka siku hiyo kila baada ya isha tunatandika jamvi barazani, laptopu juu ya stuli, mie natafsiri mstari kwa mstari maana bibi Kiingereza hajui, watoto wa jirani wakaanza kusogea mmoja mmoja, na mama zao nao wakaja, sasa tunafika watu kumi na mbili na bibi haruhusu nibonyeze mpaka niseme paukwa na wote waitike pakawa.

Kwa ambaye hajaiona, malkia Regina, mama wa kambo wa Snow White, anawalaani watu wote wa kwenye hadithi anawahamishia mji mdogo unaitwa Storybrooke huko Maine Marekani, wanaishi kama watu wa kawaida hawakumbuki wao ni kina nani. Snow White ni mwalimu wa shule, yule binti wa kofia nyekundu anahudumu kwenye mgahawa wa bibi yake, na saa ya mnarani imeganda saa mbili na robo miaka 28. Malkia mwenyewe ndo meya. Kamuasili mtoto, Henry, na huyo Henry akiwa na miaka kumi anapanda basi mpaka Boston kumtafuta mama aliyemzaa, Emma, ambaye ndo binti wa Snow White na ndo stelingi wa kuvunja laana ila mwenyewe haamini hata kidogo.

Bibi hadithi hii imemwingia kuliko sisi wote. Ile episodi ya jini wa kioo, jini wa Agrabah kaachiwa huru na mfalme mume wa Regina, akampenda Regina mpaka akamuua mfalme kwa nyoka kwa ajili yake, halafu akaomba awe mbele ya uso wake milele akajikuta kanasa ndani ya kioo. Sie tunashangilia, bibi kimya. Mwisho akasema huyo si jini tena huyo ni mtu kapenda vibaya. Na ile ambayo yule mchawi Rumplestiltskin anamwachia mkono mwanawe Baelfire kwenye shimo lililofunguliwa na ile haragwe ya uchawi, mtoto anazama anamwita baba, bibi aliinuka akaingia ndani, hatukuendelea usiku ule.

Sasa juzi tumemaliza. Regina kampa Emma kile kiandazi cha matufaha chenye sumu (bibi anakiita sambusa), Henry akakila yeye ili mama yake aamini, mtoto akazima hospitalini, Emma akambusu kwenye paji la uso na laana ikavunjika kila mtu akakumbuka. Baraza zima lilikuwa vifijo mpaka mtu aliyekuwa anapita na baiskeli akasimama. Ila bibi alikuwa anamwangalia Regina, pale alipokimbilia nyumbani akakumbatia mto wa Henry analia. Bibi kaniambia kile kilio ni cha kweli.

Na kanituma niulize. Kasema umri umeenda, hawezi kuanza safari ndefu asijue inaelekea wapi. Kama malkia atakufa na ubaya wake basi tuishie hapa hapa pazuri mtoto kaamka. Kama atatengenezeka tutaendelea. Kwahiyo mlioimaliza semeni tu mwisho, nimeruhusiwa kuambiwa, mie ndo nitajua nimfikishie kiasi gani.

Mgosi_wa_Ngamiani

Mpe bibi shikamoo yangu kabla ya yote. Endeleeni!! Yani mdogo wangu hata usiulize mara mbili. Umekula pembe moja ya mkate unauliza kama mkate wenyewe mtamu.

Zipo sizoni 7, jumla episodi 155, ilianza Oktoba 2011 ikaisha Mei 2018, mie nimeimaliza yote na sizoni tatu za kwanza nimezirudia. Enzi hizo nilikuwa naenda na flashi kwenye duka la muvi napakiwa episodi tano tano, nikimaliza narudi, jamaa wa dukani akiniona tu anajua.

Sema mie wangu ni Rumple. Bibi aliinuka pale kwa Baelfire, nami namwelewa, ila mwambie asimkatie tamaa. Yule mtu alikuwa msokota nyuzi masikini, mguu mbovu, kijiji kizima kinamwita mwoga, na vita vya mazimwi vinachukua watoto wa miaka kumi na nne. Alichotaka ni mwanawe asichukuliwe. Akapata lile jambia lenye jina la Mwenye Giza, akamchoma nalo huyo Mwenye Giza, jina likafutika likaandikwa lake. Kaingia gizani kwa ajili ya mtoto halafu giza hilo hilo ndo likamfanya amwachie mtoto mkono. Kila nikiangalia uso wa Robert Carlyle pale anachimba ardhi kwa kucha shimo limeshajifunga, roho inanisimama, yule Mskoti ni fundi jamani, sauti ya Rumple na sauti ya Bwana Gold, ndo yeye huyo huyo akiwa Storybrooke, utadhani watu wawili tofauti.

Sizoni ya pili utajua Baelfire alienda wapi. Sizoni ya tatu utajua BABA wa Rumple ni nani, na hapo ndo utaelewa kwanini mkono wa mtoto kwenye familia ile unaachiwa. Hilo silisemi hata bibi akiruhusu.

Na kitu kingine, walioitunga ni Edward Kitsis na Adam Horowitz, hawa kabla ya hapo walikuwa waandishi wa ile ya watu walioanguka na ndege kisiwani, Lost. Ile ndege ilikuwa namba 815, sasa angalia saa ya Storybrooke imeganda wapi ukiisoma kwa Kizungu, 8:15. Na nyumba ya Regina ni namba 108, wa Lost wanaijua hiyo 108. Mie nilipogundua nilirudisha nyuma mara tatu kuhakikisha.

Sahare_Upepo

Mie nitasema tofauti na mgosi na naomba tusikosane. Dada ishieni hapo, au mkizidi sana mfike sizoni ya tatu episodi ya 11 basi.

Naipenda hii sizoni kuliko watu wanavyodhani ndo maana nasema hivi. Sizoni ya kwanza imesukwa kama mkeka, kila episodi inakuonyesha mtu wa Storybrooke alikuwa nani kule msituni na kwanini yuko hivyo, hakuna uzi uliobaki nje. Kuanzia pale kila nusu ya sizoni analetwa adui mpya, anatoka kwenye hadithi nyingine, watu wanapoteza kumbukumbu tena, laana inavunjwa tena. Wakaja hadi Elsa na Anna sizoni ya nne, mfalme Arthur ya tano wakaenda mpaka kuzimu kwa Hades, ya sita Aladdin na Jasmine. Kila kimoja peke yake kitamu, lakini laana ikivunjwa mara ya kwanza baraza zima linalia, ya pili nusu, huko mbele watoto wameshalala.

Sizoni ya saba ndo kabisa. Emma, Snow White, mumewe Charming, Belle, karibu wote walishaondoka, Henry kawa mtu mzima anaigizwa na mtu mwingine, hadithi imehamia Seattle, kuna Cinderella mwingine. Aliyezoea sura za mwanzo anahisi kahamishwa nyumba usiku. Bibi kazoea watu wake, mwacheni na watu wake.

Mgosi_wa_Ngamiani

Sahare kuhusu ya saba tunakubaliana kidogo, lakini usimnyime bibi Neverland, kile kisiwa cha Peter Pan. Na huko ya sita episodi ya 20 wanaimba wote mwanzo mwisho, hadi Regina, watoto wa barazani watapagawa.

Mama_wa_Pangani

Mwanangu Mjukuu, mie ni mtu mzima kidogo, niko Pangani, naomba nijibu kwa marefu maana swali la bibi yako limenigusa mahali.

Mie ni mama wa kambo. Niliolewa mume ana mtoto wa miaka sita, mama yake mzazi yuko hai yuko mji mwingine. Nimemlea, nimemwogesha homa, nimekaa naye kibarazani kwa mwalimu wa Qurani mpaka akazoea. Na kila hadithi niliyosimuliwa nikiwa mdogo mama wa kambo ndo mchawi, ndo anamfukuza mtoto, ndo anamnyima chakula. Nikawa siwezi hata kumsimulia mtoto hadithi usiku, nikifika pale kwenye mama wa kambo nanyamaza yeye ananiangalia.

Siku binti ya dada yangu aliponionyesha hii, nilikaa chini sikuinuka. Kwasababu hapa mama wa kambo ana hadithi yake. Regina alikuwa binti anampenda mtunza farasi, Daniel, mama yake Cora akamng'oa yule kijana moyo mbele ya macho yake, akamwoza kwa mfalme baba yake Snow White. Na siri ya Daniel ilitolewa na Snow akiwa mtoto mdogo, hakuwa na nia mbaya, alidhani anamsaidia Regina abaki na mama yake. Ndo chuki ilipoanzia. Sisemi ana haki, alimuua hadi baba yake mzazi kutoa moyo wa laana, hilo halifutiki kwa machozi ya mto. Nasema walinipa pa kuanzia. Nilimsimulia mwanangu hadithi ya Snow White nikaanza na Daniel. Akaniuliza, kwahiyo malkia alikuwa na huzuni? Nikasema ndio. Akalala.

Na Henry yule ana mama wawili. Sizoni ya kwanza anamkana Regina waziwazi, anamwita malkia mwovu kwenye nyumba aliyomlea toka mchanga. Kila aliyelea mtoto asiyemzaa anajua hilo neno linavyochoma hata kama unalistahili. Sasa mwanangu bibi yako karuhusu mwisho, basi nakwambia wewe, utaamua umwambie nini.

Lile busu la Emma kwenye paji la uso la Henry lililovunja laana, shikeni hapo. Sizoni ya tatu inakuja laana nyingine, Henry kasahaulishwa, na katika kuivunja anayembusu mtoto kwenye paji la uso, mapenzi ya kweli yale yale, mwanga ule ule, ni Regina. Mama mlezi. Episodi ya 19. Nilikuwa peke yangu sebuleni mume kalala, nilijifunika khanga usoni.

Kwahiyo Sahare mwanangu, ukimwambia aishie episodi ya 11 unamkata kabla ya lile alilouliza.

Sahare_Upepo

Mama nimekusoma mara mbili. Hiyo episodi naikumbuka, na kweli jibu la bibi liko pale. Basi nabadilisha, fikeni mwisho wa sizoni ya tatu.

Tingatinga_la_Duga

Mie nafuatilia tu hapa, sijawahi kuiona ila kwa haya maelezo leo leo natafuta bando. Swali dogo, lile busu la mtoto wa mfalme kumwamsha Snow White si ndo lilivyokuwa kwenye hadithi yenyewe toka zamani? Au nalo waliongeza hawa wa televisheni?

Kijino_Chikichi

Tingatinga hapana, na hapo pazuri sana umepauliza maana pana jibu la bibi pia.

Hadithi ya Snow White tunayoijua iliandikwa na ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, kwenye mkusanyo wao wa ngano uliotoka 1812. Mule hakuna busu. Mtoto wa mfalme anaomba apewe jeneza la kioo, na Snow White anaamka kwa mtikiso, kile kipande cha tufaha kinatoka kooni. Wale vijeba saba nao hawana majina, majina mnayoyasikia, Grumpy na wenzake, yalikuja na katuni ya Disney ya 1937, na kwakuwa ABC waliorusha hii ni kampuni ya Disney ndo maana waliweza kuyatumia.

Lakini kubwa ni hili. Kwenye chapa ya kwanza ya 1812 malkia hakuwa mama wa kambo, alikuwa mama mzazi. Grimm ndo wakabadilisha baadaye, chapa ya 1819, wakamfanya wa kambo, haikuwapendeza mama mzazi amwonee wivu mwanawe namna ile. Kwahiyo Mama wa Pangani, ule mzigo wamebebeshwa akina mama wa kambo kwa kalamu, na kalamu yenyewe ina tarehe.

Na mwisho wa malkia kwa Grimm? Anaalikwa harusini, anavalishwa viatu vya chuma vilivyookwa motoni vikawa vyekundu, anachezeshwa mpaka anadondoka kafa. Ndo mwisho ambao hawa wa televisheni walikuwa nao mkononi wakaamua kutoutumia. Mie naona hapo ndo roho ya sizoni hii yote. Wamechukua hadithi ambayo kila mtu anajua mbaya anachomwa, wakauliza, je akipewa miaka mingine?

Na sisi huku si wageni wa swali hilo. Shaaban Robert, mtu wetu wa Vibambani hapa Tanga, kwenye Adili na Nduguze aliyoitoa 1952 alifanya kitu cha jinsi hiyo hiyo. Shina la hadithi ni la Alfu Lela Ulela, akalichukua akalipanda upya kwa Kiswahili. Hasidi na Mwivu walimtenda ndugu yao ubaya mtupu wakageuzwa nyani, na Adili kaamriwa na jini Huria awapige kila usiku, anawapiga huku analia, akimaliza anawafuta machozi anawapa chakula. Mpaka mfalme Rai anapogundua anawaombea, wanarudishiwa ubinadamu. Msomee bibi hiyo mchana, usiku muendelee na Regina, atawaunganisha mwenyewe.

Halafu ile kauli ya Rumple kila mara, uchawi una gharama yake. Bibi hajakusimulia ya paa na Sultani Darai? Iko kwenye kitabu cha hadithi alizozikusanya Edward Steere Unguja zikachapwa London 1870, lakini wazee wanayo midomoni. Masikini anachakura jaani kama kuku anatafuta punje za mtama, ananunua paa kwa kisarafu alichookota, paa anamtafutia mke binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba anampa jumba lake. Paa akija kuugua, bwana hata kumwangalia hataki, anaamuru apikiwe uji wa mtama mwekundu. Paa akafa kwa uchungu. Na siku moja yule bwana anaamka anajikuta jaani, anachakura. Mie nikimwona Bwana Gold akidai deni lake pale Storybrooke namkumbuka yule paa, hakuna anayepewa bure na anayesahau aliyempa anarudishwa alikotoka.

Mgosi_wa_Ngamiani

Kijino umenifungua macho na hiyo ya viatu vya chuma, sikuwahi kujua.

Kuna jambo moja naongeza kwa sie wa hapa. Mie mapango ya Amboni nimekulia karibu nayo, na toka utoto tunasimuliwa kuna mbwa aliingia mle akaja kutokea upande wa Kilimanjaro. Na Osale Otango aliyejificha mle miaka ya hamsini, wazee wanasema alikuwa anawachukulia wenye mashamba ya mkonge anawapa wanyonge. Sasa mie nilipoona kwenye hii sizoni watu wanaingia shimoni wanatokea dunia nyingine, na Robin Hood yuko na watu wake msituni, sikuona ni mambo ya mbali. Nilisema haya mbona ni ya kwetu yamevaa makoti.

Storybrooke yenyewe walipigia picha Steveston, kijiji cha wavuvi Kanada karibu na Vancouver, ndo maana pale gatini pana boti za kweli na majengo ya kusindikia samaki. Asubuhi nikiwa Deep Sea nangoja mashua zije na ukungu uko baharini, naona kabisa gati ya yule haramia Kapteni Hook. Na mnara wa saa wa Mjerumani pale Jamhuri Park nikipita lazima niinue macho.

Mama_wa_Pangani

Mgosi na mie nikija Tanga nitauangalia mara mbili.

Kijino mwanangu, hilo la 1819 nimelinakili kwenye daftari. Mwanangu yuko darasa la saba sasa, nitamwambia mwenyewe.

Tingatinga_la_Duga

Nimeipata sizoni ya kwanza, imeshashuka episodi nne. Mjukuu mnaanza saa ngapi? Duga na Makorora si mbali, mama yangu naye anapenda hadithi na hapa nyumbani skrini ni ya simu tu.

Mjukuu_Makorora

Jamani nimesoma yote, mengine nimesoma kwa sauti, asanteni sana sana. Tingatinga mlete mama, tunaanza baada ya isha, mje na kitu cha kukalia maana jamvi limejaa.

Nimpe Mama wa Pangani salamu za bibi. Nilimsomea ile komenti yako yote isipokuwa kipande cha sizoni ya tatu. Alikaa muda mrefu anachambua mchele. Halafu akaniambia kitu ambacho miaka yote nimekaa naye sikuwahi kukijua, kwamba na yeye alilelewa na mama wa kambo huko Muheza, na yule mama alikuwa akimsuka nywele kila Ijumaa mpaka anaolewa, na hadithi zote anazotusimulia sie wajukuu, paukwa pakawa zote, kazitoa kwake. Kwenye hizo hadithi mama wa kambo ni mbaya kama kawaida. Bibi anasema alipokuwa anasimulia alikuwa anajitazama vidole tu, hamwangalii mtoto.

Na Kijino, ya paa anaijua! Nilivyotaja tu jaa akaidaka akaimalizia yeye, na ya kwake uji hauitwi wa mtama unaitwa uji wa wishwa. Adili na Nduguze nimeazima kwa mwalimu wa jirani, tumeanza mchana huu, kwenye kile kipande cha Adili anafuta machozi ya nyani kanisimamisha nikirudie.

Kuhusu swali lenyewe. Nilifikiria sana nimwambie nini. Nilitaka kumwambia la busu la Regina, na Mgosi alininong'oneza kule faraghani kwamba kwenye episodi ya mwisho kabisa Regina anavishwa taji na wote waliowahi kumkimbia, wanamwita Malkia Mwema, hilo nalo nilitaka kumwambia. Mwisho nikamwambia bibi kuna busu lingine linakuja.

Akauliza la nani kwa nani. Nikasema sikwambii bibi.

Akanitazama, akafunga ungo, akasema basi hebu kaichaji hiyo laptopu mapema kabla hawajakata umeme.